Hofu Kabla ya Upasuaji

Dominika ya 12 ya Mwaka B
Masomo: Ayubu 38:1, 8-11, 2 Wakorintho 5:14-17, Marko 4:35-41



Tunawasalimu ninyi nyote mlio Kabanga, Murusagamba na Rulenge, ninyi wa Nyakahura na Lusahunga, na ninyi mlioko Biharamulo mjini. Kwa namna ya pekee twawasalimu wale wanaotusikiliza wakiwa wamelala wodini, redio ndogo ikiwa juu ya kabati la kitanda, pamoja na ndugu zao walioko nje jikoni wakingoja uji uchemke. Maneno yetu ya leo yawahusu ninyi hasa. Wengine nao wasikilize, kwa maana zamu yao yaja.

Katika Injili ya leo tumesikia jinsi Bwana wetu alivyotaka kuvuka ng'ambo wakati wa jioni. Alikuwa amefundisha mchana kutwa. Wanafunzi wakamchukua vile vile alivyokuwa, naye akalala upande wa nyuma wa chombo, kichwa chake juu ya mto. Ndipo dhoruba ikavuma na maji yakaanza kujaa chomboni. Watu wa kando ya Ziwa Viktoria, tangu siku zile bandari ya Nyamirembe ilipokuwa bado ya Wilaya ya Biharamulo kabla ya Chato kuwa wilaya, hawahitaji kufafanuliwa ubaya wa upepo wa ziwa wakati wa usiku. Na tusisahau kwamba baadhi ya wale waliopiga kelele walikuwa wavuvi. Walilijua ziwa lao tangu utoto. Hawakuogopa kwa ujinga, bali waliogopa kwa sababu walijua.

Kuna jambo moja hapa ambalo makatekista wetu wangefanya vyema kulitia alama katika vitabu vyao. Mathayo naye asimulia habari hii katika sura ya 8. Kwake Yesu kwanza awauliza wanafunzi sababu ya woga wao, halafu ndipo aukemea upepo. Marko ageuza utaratibu huo. Kwa Marko, Yesu aamka, akemea upepo, ziwa lanyamaza, na baada ya hayo ndipo awauliza habari ya imani yao. Yaani kwanza awatuliza, kisha awafundisha. Hatusemi kwamba Mathayo amekosea. Kila Mwinjili ana shabaha yake. Lakini sisi tunaotembelea wagonjwa twahitaji sana kumsoma Marko, kwa sababu desturi yetu ni kuanza na karipio. Twamkuta mgonjwa anatetemeka, nasi twamwambia hana imani. Bwana wetu, ambaye peke yake alikuwa na haki ya kukaripia, alianza na upepo.

Tumelitafakari jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu ya kosa tulilolitenda sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kwenda katika hospitali moja kumpaka mafuta mzee mmoja aliyekuwa apasuliwe ngiri. Mwanawe, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya kwao, alikuja kwa baiskeli kutuarifu. Ngiri ile ilikuwa imemtesa mzee kwa miaka mingi, na ndugu zake walikuwa wamemsihi sana mpaka akakubali kulazwa. Tulifika asubuhi ile ile ya upasuaji, tukiwa na haraka, maana saa nne palikuwa na ndoa parokiani. Tuliingia wodini stola ikiwa tayari shingoni, kichupa cha mafuta mkononi, mtumishi mmoja nyuma yetu ameshika mshumaa. Mzee alitutazama, akamtazama mwanawe, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mmeshaniletea padre." Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani akaanza kufuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Tukasoma sala, tukampaka mafuta katika paji la uso na mikononi. Viganja vyake vilikuwa baridi, vimelowa jasho. Tukampa baraka, tukaenda kufungisha ndoa.

Baadaye tuliambiwa yaliyofuata. Muuguzi alipompima tena shinikizo la damu, alilikuta limepanda mno kuliko jana yake. Daktari akaona si salama kumlaza kwa dawa siku ile, akaahirisha. Mzee akasema kwamba Mungu amemwonyesha njia, akafunga mzigo wake, akarudi nyumbani. Hakutaka tena kusikia habari ya upasuaji.

Sakramenti ya uponyaji, wapendwa, mikononi mwetu ilikuwa imegeuka kuwa tangazo la msiba. Si kosa la mafuta wala la mzee. Sisi ndio tuliokuja kwa haraka na bila neno la utangulizi.

Tangu hapo tulianza kuwauliza matabibu na wauguzi, wa hospitali zetu za Rulenge na Biharamulo, na wa Murgwanza ya ndugu zetu Waanglikana, hofu inafanya nini hasa katika mwili wa mtu anayengoja kupasuliwa. Jibu lao ni hili. Mtu anapoogopa, mwili wake hujiandaa kukimbia au kupigana. Tezi zake humwaga katika damu kemikali, mojawapo yaitwa adrenalini, na moyo huenda mbio, shinikizo hupanda, misuli hukaza, usingizi wa usiku hutoweka. Maandalizi hayo yangemfaa kama angekutana na nyati porini. Lakini yeye hawezi kukimbia. Amelala juu ya kitanda chenye magurudumu, na adui wake yumo ndani ya tumbo lake mwenyewe. Mara nyingine yabidi apewe dawa nyingi zaidi ili alale. Na akiisha kuamka, mara nyingi huhisi maumivu makali kuliko mwenzake aliyeingia kwa utulivu, ingawa wamepasuliwa kwa namna moja.

Haya si maneno ya kufarijiana tu, bali yamepimwa. Mji wa Boston, Marekani, una hospitali iitwayo Massachusetts General. Ndipo mahali ambapo tarehe 16 Oktoba 1846 daktari wa meno, William Morton, alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akapasuliwa akiwa amelala. Kabla ya enzi ile mtu alishikwa na wanaume wenye nguvu, na sifa ya mpasuaji ilikuwa upesi wa kisu chake. Sasa, katika hospitali hiyo hiyo, mwaka 1964 madaktari wa usingizi walitangaza matokeo ya jaribio moja la unyenyekevu kabisa. Walichukua wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Baadhi yao walitembelewa na daktari wa usingizi usiku wa kuamkia siku hiyo, akawaeleza watakavyojisikia watakapoamka, mahali gani pataumia, kwa muda gani, na namna ya kulegeza misuli na kugeuka kitandani. Wengine hawakuelezwa hayo. Madaktari waliowapasua hawakujua ni nani ameelezwa na nani hakuelezwa. Walioelezwa walihitaji nusu tu ya dawa kali za maumivu, na waliruhusiwa kwenda nyumbani, kwa wastani, siku 2.7 mapema zaidi. Daktari hakuongeza dawa yoyote. Aliketi akasema kweli kwa maneno yanayoeleweka.

Kwa watoto jambo hili laonekana waziwazi zaidi. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya watoto 241, wenye umri wa miaka 5 hadi 12, waliotolewa tonsili huko Marekani. Kati ya wale waliokuwa na hofu kubwa kabla ya kulazwa, karibu 10 katika kila 100 waliamka wakiweweseka, wakirusha mikono na kulia bila kumtambua mama. Kati ya wale waliokuwa watulivu hawakufika 2 katika kila 100. Wazazi mnaotusikia, mtoto husoma uso wenu kabla hajausoma uso wa daktari.

Hapo tumegusa suala la kuamka, na hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu katika vijiji vyetu kuamka huku kumevunja nyumba.

Usingizi huu twauita nusukaputi, neno ambalo wengi husema tulilirithi kwa Wajerumani, na kusema kweli jina lenyewe latosha kumwogopesha mtu: yaani ufe nusu. Katika hospitali nyingi za wilaya dawa inayotumika sana ni ketamini. Ni dawa njema, nayo imeokoa akina mama wasiohesabika. Ilianza kutumiwa kwa wanadamu mwaka 1964, na wataalamu huipenda kwa sababu haizimi pumzi ya mgonjwa upesi kama dawa nyingine, hata inafaa pale ambapo mashine ni chache au umeme wakatika. Lakini ina tabia yake. Mgonjwa aweza kulala macho yakiwa wazi na yakichezacheza, hata ndugu akichungulia mlangoni adhani mtu yu macho anachinjwa akijiona. Na wakati wa kuamka, hasa kwa watu wazima, dawa hii huleta ndoto zenye nguvu. Mtu huona anaelea juu, huona marehemu, hupiga kelele, hutukana, huimba, hutaja majina. Baada ya muda hutulia, na mara nyingi hakumbuki lolote.

Wataalamu wanatuambia kwamba mtu aliyeingia katika usingizi huo akiwa na hofu kuu huelekea kupata ndoto za kutisha zaidi, na kwamba mahali penye kelele na mikono mingi ya kumtikisa huongeza vurugu. Ndiyo maana mtaalamu humwambia mgonjwa kabla ya kumchoma sindano kwamba huenda ataota, asishangae, na afikiri jambo analolipenda. Ndiyo maana pia muuguzi huwafukuza ndugu wanaotaka kuingia wote kumi kumwita mgonjwa kwa jina. Si ukatili.

Sasa fikirini yanayotokea. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aamka akipiga kelele na kutaja jina la mwanamume. Mama mkwe yupo hapo. Kabla jua halijachwa, habari imefika kijijini kwamba amekiri zinaa mbele ya watu. Au kijana aamka akisema anamwona babu yake aliyefariki, na ndugu waanza kukusanya fedha si za dawa bali za kwenda kwa mganga, wakidai amerudi na pepo. Tumeletewa mashauri ya namna hii ofisini mwa parokia, na zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tunasema wazi, na makatekista walirudie hili vigangoni: neno lisemwalo na mtu anayeamka katika nusukaputi si ungamo, si ushahidi, wala si unabii. Padre hawezi kumwondolea mtu dhambi aliyoitaja katika hali hiyo, kwa kuwa hayumo katika akili zake. Jumuiya nayo haina haki ya kumhukumu kwa neno hilo hilo. Aliyesikia na afunge kinywa. Kuisambaza habari hiyo ni dhambi ya kumvunjia mwenzako heshima, na dhambi hiyo, tofauti na kelele za mgonjwa, hutendwa kwa akili timamu.

Hofu ina watoto wengi. Wapo wanaoogopa ile karatasi ya kukubali upasuaji, wakisema kwamba ukishaweka kidole gumba umesaini kifo chako. Karatasi ile ni heshima kwako: yasema kwamba hakuna anayeruhusiwa kukugusa kwa kisu pasipo wewe kuelezwa na kukubali. Basi ulizeni kabla ya kuweka kidole, na msione haya. Wapo ndugu ambao kwa huruma humlisha mgonjwa uji kwa siri alfajiri, wakati ameamriwa asile. Huruma hiyo yaweza kuua, maana mtu akilala kwa dawa tumbo likiwa limejaa, chakula hurudi na kuingia mapafuni. Wapo pia wanaokunywa dawa za mizizi usiku ule, ili wajikinge pande zote mbili, kisha wanaficha. Hatutaki leo kuhubiri juu ya waganga. Tutafanya hivyo siku nyingine na kwa urefu. Leo twasema tu, kama umekunywa, mwambie daktari. Anahitaji kujua kilichomo katika damu yako, wala hatakupeleka kwa paroko.

Wengine hofu yao ni safari. Mgonjwa wa Ngara akipewa rufaa ya Bugando, Mwanza, hupita Nyakanazi na Geita, na kwa miaka mingi aliwahi kufika Busisi akangoja kivuko, akiutazama upana wa maji kana kwamba ndio mpaka wa dunia hii na ile nyingine. Daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na saa hizo za kungoja zimekwisha. Lakini mtu bado yuko mbali na kwao, lugha yake haisikiki wodini, na hajui nani atawalisha mbuzi. Wazee wetu wengi hawaogopi kufa kama wanavyoogopa kufa mbali.

Na pengine mtatuuliza, je, mambo haya ya kumtuliza mgonjwa si ya Wazungu? La hasha. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza aliyekuwa amesomea utabibu, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa mama mjamzito katika nchi ya Bunyoro, huko Uganda, si mbali sana na mkoa wetu. Waliompasua walikuwa waganga wenyeji. Mama huyo, mwenye umri wa miaka kama 20, alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akawa nusu amelewa, na kwa pombe hiyo hiyo wakanawa mikono na kumwosha tumbo. Mpasuaji alinong'ona maneno fulani, kisha akapaza sauti, na watu waliokusanyika nje ya nyumba wakaitikia. Ndipo akakata. Jeraha likafungwa kwa pini za chuma zilizosuguliwa, likapakwa dawa ya mizizi, likafunikwa kwa jani la mgomba. Mtoto alitolewa akiwa hai, na siku ya 11 jeraha la mama lilikuwa limefunga. Hatuyasemi haya ili mtu apeleke pombe ya ndizi hospitalini. Twaijua vizuri kuliko inavyotufaa, na mtaalamu wa usingizi atawafukuza. Twayasema ili tuone kwamba hata wao walifahamu mambo mawili: kwamba maumivu yapasa kupunguzwa, na kwamba mtu hapasuliwi peke yake. Nje palikuwa na watu wanaoitikia.

Mama Kanisa naye amesema juu ya jambo hili. Wako Wakristo wema, hasa wazee, wanaotuletea habari ya Bwana wetu kukataa ile divai iliyotiwa manemane pale Golgota, wakidhani kwamba Mkristo wa kweli hukataa dawa ya maumivu. Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili aliwajibu madaktari wa usingizi wa Italia waliouliza swali hilo hilo. Alieleza kwamba mtu aweza kuyapokea maumivu kwa hiari na kuyatolea, lakini kwa kawaida halazimiki kuyatafuta, na kwamba kutumia dawa za kumlaza mgonjwa na kumwondolea maumivu si kinyume cha mapenzi ya Mungu. Nasi twaongeza kwa kicheko kidogo kwamba katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alipotaka kutoa ubavu wa Adamu, alianza kwa kumtia usingizi mzito, na alipokwisha alipafunika mahali pale kwa nyama.

Kuhusu Mpako wa Wagonjwa, yafaa turekebishe mafundisho ambayo sisi mapadre tumeyaacha yaoze. Wengi bado huiita sakramenti hii mpako wa mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika ukingo wa kufa, na mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita alitoa ibada yake mpya. Kwa mujibu wa ibada hiyo, mtu anayekwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mzito aweza kupakwa mafuta kabla ya upasuaji. Akipona na kuugua tena, au hali yake ikizidi kuwa mbaya katika ugonjwa ule ule, aweza kupakwa tena. Kitu kinachorudiwa hakiwezi kuwa cha mwisho! Basi msitufiche wagonjwa wenu mpaka wawe hawajitambui. Tuiteni mapema, siku moja au mbili kabla, wakati mgonjwa bado aweza kuungama, kupokea Ekaristi, na kutucheka tukikosea jina la mjukuu wake. Ikiwa padre yuko mbali, na huku kwetu mara nyingi yuko mbali, katekista aende. Hawezi kupaka mafuta, lakini aweza kusali naye, kusoma Injili hii ya Marko, na kumweleza kwamba padre akija hajaja kuzika.

Je, twaweza kumwahidi mgonjwa kwamba ataamka? Hatuwezi, na tusijaribu. Wapo ambao hawakuamka, na jamaa zao wanatusikiliza asubuhi hii. Bwana wetu hakuwaambia wanafunzi kwamba ile haikuwa dhoruba. Katika somo la kwanza Mungu anamjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, wala hamwelezi sababu ya mateso yake. Amweleza tu ni nani aliyeifungia bahari milango. Tunachoweza kumwambia mgonjwa ni kile kilichomo katika Injili: kwamba Yesu yumo chomboni naye. Yeye mwenyewe alilala usingizi wakati mawimbi yanapiga, kwa hiyo ajua ni nini kujiweka mikononi mwa wengine ukiwa hujitambui.

Marko aongeza neno dogo ambalo twalipita upesi: vyombo vingine vilikuwa pamoja naye. Hatusikii tena habari zake. Lakini upepo uliowapiga wanafunzi uliwapiga na hao pia, na shwari ilipokuja ikawa yao vile vile. Hao ndio ndugu walioko nje ya chumba cha upasuaji, wanaotembea huku na huku, wanaohesabu fedha mara ya tano. Mwaka 1995 wataalamu huko Marekani walilinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na kumbukumbu na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo mkononi. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Kwa hiyo WAWATA na jumuiya mnapopeleka sahani moja ya chakula hospitalini, pelekeni mbili.

Turudi kwa yule mzee wa ngiri. Alikaa nyumbani miezi mitatu. Usiku mmoja utumbo ulibanwa, akaanza kutapika, na wanawe wakampakia kwenye pikipiki katikati yao, wakamfikisha hospitalini karibu na usiku wa manane. Tukaitwa. Safari hii mafuta yalikuwa mfukoni. Tuliketi ukingoni mwa kitanda, tukauliza habari za ng'ombe wake, akatujibu kwa shida kwamba mmoja ana mimba. Kisha yeye mwenyewe akauliza, "Padre, yale mafuta ya siku ile yalikuwa ya nini?" Tukamweleza kwa maneno machache, maana muda haukuwepo. Tukamwomba radhi. Akafikiri, akanyoosha viganja vyake, akasema tumpake tena. Vilikuwa na joto la homa, lakini havikutetemeka. Mtaalamu wa usingizi, kijana wa huku huku kwetu, akaja akamweleza kwa lugha ya nyumbani kwamba huenda ataota, na kwamba achague jambo la kufikiri. Tulitembea kando ya kitanda chake mpaka mlangoni, mahali ambapo ndugu hawaruhusiwi kupita.

Iliwabidi wakate sehemu ya utumbo. Alikaa wodini majuma kadhaa, wakati ule upasuaji wa kwanza ungemweka siku chache tu. Hilo ni deni letu. Lakini kulipokucha tulikuwepo alipoamka. Macho yalikuwa bado mazito. Akasema kwa sauti, kana kwamba yuko zizini, kwamba wamfungulie ndama akanyonye. Mwanawe akamjibu kwamba ameshafunguliwa. Mzee akasema vizuri, akalala tena.

Tumsifu Yesu Kristo.